Sinia

Sinia ni lile lile, la mbao, wekundu wake umezeeka ukawa kahawia.
Ukingoni limemeguka pale panya alipojaribu meno
mwaka wa njaa, rangi yenyewe ilipoonekana chakula.
Mama analipangusa kwa tone la mafuta ya haradali,
kisha anapanga: brashi ya wino, ubao wa shanga wa kuhesabia,
muhuri wa jiwe, mizani ya mganga, kitunguu cha majani
kwa kuwa katika lugha yetu kitunguu na akili hutamkwa sawa.
Mjomba Shouzhen ameongeza stetoskopu ya plastiki.
Hakuna aliyemwomba.

Leo binti yangu anatimiza mwaka.
Atakachokishika, wanasema, ndicho kitakachomshika.

Babu wa mama alishika shanga,
akaishia kuhesabu magunia ya mpunga wa watu
mpaka vidole vikapinda.
Dada yake hakupangiwa sinia.
Alisubiriwa afike miaka sita, akaletewa beseni la maji ya moto
na kitambaa kirefu kuliko yeye;
vidole vinne vikalazwa chini ya wayo
kama watoto wanaoogopa radi.

Bibi yangu waliyemzaa baadaye aliitwa Laidi,
yaani, Njoo Mdogo Wangu wa Kiume.
Kila walipomwita ale, walikuwa wanamwita mtu mwingine.
Huyo mwingine akaja. Akawekwa kwenye sinia, akashika muhuri,
wakachinja bata.
Surua ikamchukua kabla hajajua kufunga vifungo.
Laidi akabaki na jina lake miaka themanini na miwili,
analiitikia.

Mama hakuketishwa humu. Enzi zake sinia lilikuwa kosa;
lilifunika chungu cha kabichi chachu nyuma ya banda la nguruwe,
nalo mpaka leo, ukilinusa vizuri, lina uchachu.

Mimi ni wa pili, na wa pili hakutakiwa.
Nilifichwa darini kwa shangazi Guizhi, kati ya magunia ya karanga.
Mbwa akibweka, nilijua kunyamaza;
kusema nilijua baadaye sana.
Siku yangu ya mwaka, shangazi aligeuza kifuniko cha sufuria,
akaweka kibiriti kitupu na kiazi kitamu.
Nilikula kiazi.
Faini: nguruwe wawili, cherehani, na mlango wa mbele.
Waliung'oa na bawaba zake.
Baridi nzima tulining'iniza blanketi pale,
na jirani akija bado alibisha hodi, kwenye ukuta.

Ukuta wa shule ulioandikwa ZAA MMOJA
umepigwa chokaa, umechorwa watoto watatu wanacheka.
Mvua ikinyesha, herufi za zamani zinatokeza
kwenye meno yao.
Nesi wa zahanati aliniuliza wiki iliyopita, kwa upole:
wa pili lini?
Nilitazama mlango wake. Ulikuwa wa chuma.

"Ashike brashi!" anapiga kelele baba yake kutoka Dongguan,
simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai.
Mtandao unamgandisha, mdomo wazi, kijiko mkononi.
Mama mkwe naye anasogeza brashi, nusu shibiri, akidhani sioni.
Ghorofani, Yichen wa miaka tisa anarudia kipande kile kile cha piano
tangu saa mbili asubuhi; akikosea, kimya,
halafu anaanza mwanzo.

Nimempa jina Heyu: mche wa mpunga, mvua.
Halimwiti mtu mwingine.

Ameketi katikati ya vitu vyote hivyo,
anavitazama kama abiria anayetazama mizigo isiyo yake.
Anapiga teke shanga. Anaikalia stetoskopu.
Kisha anainama, polepole, anashika ukingo kwa mikono miwili,
na palepale panya alipoacha,
anatia meno yake mawili.

"Seremala," anasema Shouzhen.
"Mlafi," anasema mkwe.
Mama anacheka mpaka anakohoa, anakumbuka kitu, haendelei.
Wananiambia nimtoe, rangi ile ni sumu.
Namtoa. Mdomoni ana kibanzi chekundu.
Analia akilinyooshea sinia mikono.